Mungu wa Kubebwa na Mungu Anayebeba



Wapenzi wakatekumeni, ninyi mnaokaa kando ya ziwa letu, kuanzia mdomo wa Ruzizi mpaka Kalundu na vijiji vya kusini, inueni macho asubuhi, ukungu ukiisha kuondoka majini. Ng'ambo mtaiona milima ya Burundi. Nyuma ya milima hiyo, upande wa kusini, mahali paitwapo Rutovu, pana chemchemi ndogo sana. Hata mtoto aweza kuiruka. Mwaka wa 1937 Mjerumani mmoja, jina lake Burkhart Waldecker, aliifuata mito kwenda juu, mmoja baada ya mwingine, hata akaifikia chemchemi hiyo, akasema kwamba ndiyo iliyo kusini kuliko chemchemi zote za mto Nili. Mwaka uliofuata, 1938, ilijengwa mlimani pale piramidi ndogo ya mawe, mfano wa zile kubwa za Misri. Kwa sababu gani? Kwa sababu maji ya Rutovu hayaji kwetu. Huteremka katika Ruvubu, huingia Kagera, hupita Nyanza, hushuka Uganda na Sudani, na mwisho hufika Misri na kumwagika baharini.

Maji yetu hufuata njia nyingine. Waingereza Burton na Speke walipofika Uvira mwezi wa Aprili 1858, walitumaini kuambiwa kwamba Ruzizi hutoka ziwani na kwenda kuwa Nili. Wenyeji wakawaambia ukweli: Ruzizi huingia ziwani, hautoki. Livingstone na Stanley waliyaona hayo kwa macho yao mwezi wa Novemba 1871. Maji ya Tanganyika hutokea penye mto Lukuga, karibu na Kalemie, yakaenda katika mto Kongo na kufika bahari ya magharibi. Fikirini basi: mvua moja yaanguka juu ya mgongo wa milima ile. Tone hili laenda Misri, tone lile laenda Kongo. Yalianguka pamoja, lakini njia zao ni mbili.

Leo nataka tulifuate tone liendalo Misri. Tutatembea siku nzima, kwa mawazo, katika nchi ya Farao, nchi ambayo Waisraeli walikuwa watumwa. Sitawapeleka kwenye piramidi za Giza, ambazo wageni wa dunia nzima huzikimbilia. Tutakwenda mahali patatu ambapo wageni si wengi. Mimi mwenyewe sijafika huko kwa miguu yangu. Nawaongoza kwa yale niliyoyasoma, kama vile mwalimu awaongozavyo watoto katika ramani aliyoichora ubaoni. Lakini msije safari hii kwa kutaka kustaajabu tu. Kila mmoja achukue swali hili begani kama mzigo wa njiani: Mungu wangu, je, mimi ninambeba yeye, au yeye ananibeba mimi?

I. ASUBUHI: DENDERA

Wageni wanaotaka kuliona hekalu la Dendera huondoka mji wa Luxor mapema. Ni safari ya kilomita 60 hivi kuelekea kaskazini, kuufuata mto, kati ya mashamba ya miwa na mitende. Mashamba yakiisha, jangwa laanza mara moja, kama vile kwetu uwanda unavyoisha ghafula penye miguu ya milima. Katika mpaka huo wa majani na mchanga lasimama hekalu la Hathori.

Hathori alikuwa mungu wa kike wa furaha, wa ngoma, na wa akina mama. Hekalu lake lionekanalo leo lilianza kujengwa mwaka wa 54 kabla ya Kristo. Ukumbi wa mbele ulijengwa wakati wa Kaisari Tiberio, yule yule aliyetawala Bwana wetu aliposulibiwa. Ingieni. Ndani ya ukumbi mna nguzo 24, nene kuliko mbuyu mchanga, na juu ya kila nguzo umechongwa uso wa mwanamke mwenye masikio ya ng'ombe, akitazama pande zote nne. Darini mmechorwa mbingu kwa rangi ya buluu, nayo ni mwili wa mungu wa kike aliyejinyosha, anayelimeza jua jioni na kulizaa tena asubuhi. Moshi wa miaka mingi ulikuwa umeifunika rangi hiyo kwa weusi. Katika miaka yetu mafundi wameisafisha pole pole, nayo yang'aa tena.

Kiongozi wetu atatupeleka sasa kwenye ngazi. Zipo ngazi mbili, moja ya kupandia darini na moja ya kushukia. Ukutani wamechongwa makuhani wakipanda mmoja nyuma ya mwingine, nyuso zao zina heshima kubwa. Wamebeba nini? Wamembeba mungu wao. Siku ya mwaka mpya walimtoa Hathori katika chumba chake cha giza, wakamweka katika kijumba chake, wakampandisha mpaka darini ili miale ya jua imguse. Kisha wakamshusha tena. Mwaka uliofuata wakambeba tena. Hathori hakupanda ngazi hata siku moja kwa miguu yake.

Msiwacheke watu hao. Walikuwa na akili, na mikono ya ufundi, na moyo uliotamani uzima. Mama wa Misri aliyeogopa kufa katika uzazi alitafuta msaada penye mlango aliouona. Kanisa latufundisha tusidharau kitu chochote kilicho cha kweli na kitakatifu katika dini za watu. Mtaguso Mkuu wa Vatikano ulilisema neno hilo mwaka wa 1965. Lakini latufundisha vile vile kuuliza: je, mlango ule uliweza kufunguka?

Sasa tazameni tena zile nyuso juu ya nguzo. Nyingi zimevunjwa pua na macho. Husemwa kwamba ni Wakristo wa zamani waliozipiga kwa patasi, wakitaka kuondoa miungu ya uongo. Ndani ya boma lile lile la hekalu yako hata leo magofu ya kanisa la Wakristo hao, lililojengwa yapata miaka 400 na zaidi baada ya Kristo. Je, walifanya vema? Sitajibu upesi, maana mimi pia nimepata kushika patasi.

Nitawaambia. Miaka kadhaa iliyopita, katika kijiji kimoja cha njia ya kusini, palikuwa na mama mmoja katika darasa langu la wakatekumeni. Alikuwa mwanafunzi mzuri, sala zote alizijua. Jumapili moja alikuja na mtoto wake mgongoni, na mtoto alikuwa na kamba shingoni yenye hirizi iliyoshonwa katika ngozi. Nilimwita mbele. Nilisema maneno makali juu ya ushirikina, kisha nikachukua wembe, nikaikata kamba ile mbele ya wote. Watu wakanyamaza. Nilidhani nimefanya kazi ya Eliya nabii.

Mama yule hakuja Jumapili iliyofuata, wala ya pili, wala ya tatu. Nikaenda kwake. Nilimkuta ameketi mlangoni, mtoto amelala mapajani, mwili moto kama chungu kilichotoka jikoni. Nikaanza kumwuliza mbona haji darasani. Akanitazama, akasema, "Mwalimu, kamba umeikata. Lakini hukuniambia usiku ni nani atakayembeba mtoto wangu."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimevunja uso wa jiwe, nikamwacha mama peke yake na hofu yake. Haya, tuendelee na safari. Jibu nitalitoa mbele.

II. ADHUHURI: ABIDO

Kutoka Dendera gari huendelea kaskazini zaidi, na jua likiwa utosini wageni hufika Abido. Kwa Wamisri wa kale Abido ulikuwa mji wa Osiri, mungu wa wafu. Watu walitoka mbali kuja kuhiji hapo, na wengi walitamani kuzikwa hapo, au angalau kuweka jiwe lenye majina yao. Hapo Farao Seti alijenga hekalu la mawe meupe, miaka karibu 1,300 kabla ya Kristo, na mwanawe Ramsesi akalimaliza. Michoro yake ni laini na safi mno, hata waonao husema kwamba katika Misri yote hakuna mingi iliyo bora kuliko hiyo.

Ndani ya hekalu hilo mna vyumba saba vitakatifu, kimoja kimoja kwa mungu wake, na kimoja cha Seti mwenyewe, maana mfalme naye alihesabiwa kuwa mungu. Kutani mmechongwa kazi ya kila siku ya kuhani. Tuifuate. Asubuhi kuhani anavunja muhuri wa mlango. Anafungua. Anamsujudia mungu, anamfukizia ubani. Anamsafisha. Anamvika nguo mpya. Anampaka mafuta. Anamwekea mkate, nyama na kinywaji. Kisha anafuta nyayo zake, anafunga mlango. Chakula hakikuliwa na mungu. Makuhani walikigawana wao. Kesho yake kazi hiyo hiyo, na kesho kutwa hiyo hiyo, miaka zaidi ya elfu.

Mungu aliyeamshwa, akaogeshwa, akavishwa, akalishwa! Ndugu zangu, huyo ni mungu au ni mtoto mchanga? Nabii Isaya, katika sura ya 46 ya kitabu chake, aliona jambo hilo hilo kwa miungu ya Babeli. Aliona sanamu zake zikipakiwa juu ya wanyama, na wanyama wakichoka kwa uzito. Halafu Mungu wa kweli akasema kinyume chake: kwamba yeye aliwachukua watu wake tangu tumboni mwa mama zao, na atawachukua mpaka nywele zao ziwe nyeupe. Hapa njia mbili zinaachana, kama yale matone mawili mlimani. Miungu ya uongo hubebwa. Mungu wa kweli hubeba.

Katika ukumbi mmoja wa Abido uko ukuta unaojulikana sana na wataalamu. Seti na mwanawe Ramsesi, akiwa bado kijana, wamesimama mbele ya majina ya wafalme 76, kila jina katika duara lake kama yai. Seti aliyaandika ili yasisahauliwe. Lakini hata hapo wengine walifutwa kwa makusudi: wafalme ambao hawakupendwa hawamo, kana kwamba hawakuzaliwa. Nayo majina yaliyobaki yalikuja kunyamaza. Mwaka wa 394 baada ya Kristo paliandikwa katika hekalu la File, kusini mwa Misri, maandishi ya mwisho ya namna ile ya kale ambayo tunaijua tarehe yake. Baadaye hakubaki mtu aliyeweza kuyasoma, mpaka Mfaransa Champollion alipoufumbua ufunguo wake mwaka wa 1822. Kwa miaka zaidi ya elfu moja wafalme 76 walikuwa ukutani, wala hakuna mtu aliyewaita kwa majina.

Sasa fungueni kitabu cha Kutoka, sura ya kwanza. Farao mkatili aliyewatesa Waisraeli yumo. Wengi wanadhani alikuwa Ramsesi huyu, au baba yake. Lakini jina lake halikutajwa. Anaitwa Farao tu. Na ni akina nani waliotajwa kwa majina katika sura hiyo? Wakunga wawili, Shifra na Pua, wanawake wasio na cheo, waliokataa kuwaua watoto wachanga kwa sababu walimcha Mungu. Mfalme ana ukuta mzima, na Mungu hakutaja jina lake. Wakunga hawana hata kaburi lijulikanalo, na majina yao husomwa katika lugha zote za dunia.

Siku ya ubatizo wako, wewe mvuvi wa ndagala, wewe mlimaji wa muhogo, padri atakuita kwa jina, na jina hilo litaandikwa katika kitabu cha misioni. Kitabu hicho chaweza kuliwa na mchwa, chaweza kulowa kwa mafuriko. Lakini Yeye aliyekuita hatakusahau. Hapa Abido penyewe, Wakristo walikuja baadaye, na watawa wanawake waliandika sala zao juu ya kuta za hekalu la Seti. Hawakuwa na duara la kifalme. Walimwomba tu Mungu awakumbuke.

III. JIONI: MONASTERI NYEUPE

Jua likielekea kutua tufike karibu na mji wa Sohag, kaskazini tena, ukingo wa magharibi wa Nili. Mbele yetu laonekana jengo lililo kama hekalu la Farao: kuta ndefu nyeupe zinazoinama kidogo ndani, urefu wake mita 75 hivi. Lakini juu yake pana msalaba. Hii ndiyo Monasteri Nyeupe. Kanisa lake lilijengwa yapata katikati ya miaka ya 400, wakati wa Abati Shenute, ambaye Wakristo wa Misri wanamheshimu kama mtakatifu. Mawe mengine ya ujenzi yalitolewa katika magofu ya majengo ya kipagani, hata leo ukitazama vizuri utaona ndani ya kanisa jiwe lenye maandishi ya Farao.

Shenute alikuwa mtu mkali. Alipigana na sanamu kwa maneno na kwa mikono. Lakini liko jambo moja la maisha yake ambalo kwalo ningependa mumkumbuke. Watu wa jangwani walishambulia vijiji vya bonde la Nili, na wakimbizi wakaja mbio penye monasteri, wanaume, wanawake na watoto. Yeye mwenyewe aliandika kwamba walikuwa watu wapata 20,000, nao walikaa miezi mitatu. Wamonaki waliwapikia mkate na mboga. Waliwalipa matabibu wawatibu majeruhi. Wanawake walijifungua humo. Waliokufa walizikwa kwa heshima.

Enyi watu wa Uvira, nani kwenu asiyejua mambo hayo? Ni nani asiye na ndugu aliyevuka ziwa usiku kwa mtumbwi, au aliyekaa Tanzania katika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka wa 1996? Ni nani hakumbuki mwezi wa Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika, watu wakabebana mabegani gizani? Basi mnaweza kuelewa upesi kuliko wasomi wengi. Katika hekalu la Dendera watu walimbeba mungu. Katika Monasteri Nyeupe Mungu aliwabeba watu, kwa mikono ya wamonaki wenye unga vidoleni.

Mtume Petro afundisha kwamba sisi ni mawe yaliyo hai, tunaojengwa kuwa nyumba ya Roho. Mawe ya Hathori yamesimama miaka elfu mbili, lakini hakuna hata moja lililoinama kumwinua mgonjwa. Jiwe lililo hai lina mikono.

Na mawe hai tunayo ukingoni mwetu wenyewe. Tarehe 28 Novemba 1964, huko Baraka, waasi walimwua Bruda Vittorio Faccin. Padri Luigi Carrara aliamriwa apande gari. Akakataa kumwacha ndugu yake, naye akauawa papo hapo. Jioni ile ile, huko Fizi, wakauawa Padri Giovanni Didonè na Abbé Albert Joubert, padri mzaliwa wa nchi hii. Tarehe 18 Agosti 2024, hapa Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo, kwa niaba ya Baba Mtakatifu, aliwatangaza kuwa Wenye Heri. Kwetu hakuna hekalu la Farao. Lakini tunao hao wanne.

IV. JIBU KWA MAMA

Sasa narudi kwenye mlango wa mama yule. Siku ile sikuweza kuhubiri tena. Nilikwenda kuwaita Wakristo wa jirani. Tukafunga machela kwa miti miwili na kitenge, tukamlaza mtoto, na mama akafuata nyuma. Tulipokezana mabega kwa saa tatu, usiku, mpaka kituo cha afya. Ilikuwa malaria kali. Mwuguzi akampa dawa, na siku ya nne mtoto akaomba uji.

Njiani, zamu yangu ya kubeba ilipofika, nilielewa jibu ambalo nilipaswa kulitoa tangu mwanzo. Ningalisema: "Mama, Mungu atambeba. Nasi, watu wake, tutakuwa mabega yake." Lakini neno hilo halina nguvu mdomoni mwa mtu asiyeshika machela.

Msidhani kwamba mambo yote yalinyoka siku ile. Tuliporudi, mama mkwe wake alimfunga mtoto kamba nyingine. Mama yule akaniambia hawezi kubatizwa Pasaka ile, maana hataki kumdanganya Mungu. Akaomba angoje mwaka mmoja. Nilimngoja, wala sikushika wembe tena. Mwaka wa pili, katika Kwaresima, aliifungua kamba mwenyewe, kwa vidole vyake, nyumbani kwake, mama mkwe akitazama. Usiku wa Pasaka alipoulizwa kama anamkataa Shetani na mambo yake yote, alijibu kwa sauti iliyosikika mpaka nje ya kanisa.

Wengine watauliza: "Mwalimu, je, sisi Wakatoliki hatubebi? Twavaa medali na rozari. Twabeba sanamu ya Bikira Maria. Siku ya Ekaristi padri huibeba Ekaristi Takatifu njiani." Swali hili ni zuri. Medali si hirizi. Mwenye hirizi asema, "Kitu hiki kina nguvu, nikikipoteza nimekwisha." Mwenye medali asema, "Kitu hiki chanikumbusha Yule anipendaye. Nikikipoteza, Yeye hajanipoteza." Mtu anayeivaa medali kwa moyo wa hirizi, ameifanya medali yake kuwa hirizi, na heri aivue mpaka ajifunze.

Kuhusu Ekaristi, sikilizeni siri kubwa. Herode alipotaka kumwua Mtoto Yesu, Yosefu aliondoka usiku na Mtoto na mama yake, wakakimbilia nchi gani? Misri! Nchi ile ile ambayo siku zile makuhani walikuwa bado wanambeba Hathori ngazini. Mungu aliyewabeba watu wote akaingia nchi ya miungu ya kubebwa, naye akiwa mtoto mikononi mwa Maria, mkimbizi. Hakubebwa kwa udhaifu wa jiwe. Alikubali kubebwa kwa upendo, ili aje kuubeba msalaba, na juu ya msalaba atubebe sisi sote. Ndivyo anavyokubali kubebwa katika Ekaristi: tukimbeba njiani, Yeye ndiye anayetubeba.

Mtazame mama wa kwetu akienda shambani, mtoto mgongoni. Mtoto hashiki kitenge. Fundo alilifunga mama. Mtoto akilia, yuko mgongoni. Akisinzia, yuko mgongoni bado. Hivyo ndivyo ulivyo mikononi mwa Mungu, wewe katekumeni. Usimwogope anayesema kwamba ukiiacha hirizi utaanguka. Lakini usiseme wewe pia kwamba umeamini, kama jirani yako mgonjwa anangoja mabega yako.

MASWALI YA KUJIFUNZA

Swali: Mungu wa uongo hujulikana kwa nini?
Jibu: Hujulikana kwa kuwa anahitaji kubebwa, kulindwa na kulishwa na watu, wala hawezi kumsaidia mtu.

Swali: Mungu wa kweli hujulikana kwa nini?
Jibu: Ametuumba, anatubeba tangu tumboni mpaka uzee, na katika Yesu Kristo alizibeba dhambi zetu.

Swali: Hirizi na medali hutofautianaje?
Jibu: Mwenye hirizi anakitumaini kitu. Mwenye medali anamtumaini Mungu, na kitu chamkumbusha tu.

Swali: Mkristo afanye nini akimwona mwenzake ameshikwa na hofu akaenda kwa hirizi?
Jibu: Asimwaibishe. Amwambie ukweli kwa upole, amsaidie katika shida yake, na kumngoja kwa sala.

AZIMIO LA WIKI HII

Tafuta katika kijiji chako mtu mmoja anayehitaji kubebwa: mgonjwa wa kupeleka kituo cha afya, mzee asiye na wa kumtekea maji, mjane ambaye nyumba yake ilichukuliwa na maji. Nenda na mwenzako mmoja. Jumapili ijayo mtaniambia.

TUSALI

Ee Mungu Baba, wewe umetubeba tukiwa hatujui jina lako. Utuondolee hofu inayotufunga kamba shingoni. Utupe mabega yenye nguvu na ulimi wenye upole. Na siku ya mwisho, miguu yetu itakapochoka, utubebe mpaka nyumbani kwako. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.